Kilimanjaro wakati wa konje: andikeni kwanza saa ya kurudi

Ndugu wafanyakazi, na ninyi mama wa nyumba ambao mara nyingi mnasoma ukurasa huu kabla ya bwana kutoka kazini,

Mwezi uliopita vijana wanne wa atelye walinifikia na swali. Tangu mwaka jana wana kasha lao la pamoja. Linafanana na likelemba, ila hapa hakuna anayekula kabla ya wengine. Kila mwisho wa mwezi wanaweka, na sasa fungu limekuwa kubwa. Wanataka kuchukua konje yao ya kiangazi, mwezi wa saba, kwenda Tanzania kupanda Kilimanjaro. Swali lao lilikuwa hili: wanunue viatu gani?

Swali la viatu ni zuri na nitalijibu. Lakini mimi niliwauliza swali jingine: siku ya kufika juu, mtageuka saa ngapi kama hamjafika? Walitazamana. Mmoja alicheka akasema, «Mzee, hatuendi huko kugeuka.»

Kwa ajili ya jibu hilo ninaandika leo.

Zamani kijana wa Bukavu aliyependa milima hakuhitaji kuvuka mpaka. Kahuzi uko karibu, mita 3,308, mlango wake ni Tshivanga. Aliyetaka moto alipanda mashua kwenda Goma, kisha Nyiragongo, mita 3,470. Lakini Nyiragongo ulilipuka tarehe 22 mwezi wa tano 2021, na tangu vita vilipoingia Goma na Bukavu mwanzoni mwa 2025, wazazi wengi hawataki kusikia habari ya mtoto wao kwenda porini kwa starehe. Sina ubishi na wazazi hao. Kwa hiyo vijana wanatazama mbali, na mlima walioutazama una mita 5,895. Ni jambo jingine kabisa.

Wengine watasema: konje ni konje, ukurasa wa usalama uache watu wapumzike. Kapita mmoja aliniambia hivyo hivyo, na ni mtu ninayemheshimu. Namjibu kwamba mjane hana furaha zaidi kwa sababu mume wake alikufa wakati wa konje. Tena nimeona jambo hili miaka mingi: mtu anavaa kaske kila siku, anapiga dari kwa chuma kabla ya kuingia, anasikiliza kama jiwe linalia vizuri au linalia kama mtungi uliopasuka. Siku ya kwanza ya konje anaacha akili yake yote langoni pamoja na kaske.

Nitawaeleza mlima huo ulivyo. Njia ya Marangu inaanza katika msitu wenye unyevu, unafanana na misitu yetu. Unalala Mandara, mita 2,720. Siku ya pili unafika Horombo, mita 3,720. Baada ya hapo majani yanapungua, unapita mahali pa maji ya mwisho, kisha unaingia katika nchi kavu kati ya vilele viwili, Mawenzi na Kibo. Ni jangwa kweli. Mchanga, mawe, upepo, nyasi chache zilizoshikana kama mtu anayesikia baridi. Mawingu yanabaki chini na mvua ni kidogo sana. Mchana jua linachoma uso na midomo, usiku maji yanaganda ndani ya chupa. Nyumba ya kulala ya Kibo iko kama mita 4,700, na hapo hakuna kijito: maji yanabebwa kutoka chini. Usiku ule wa mwisho watu wanaondoka karibu na saa sita, kwa taa ya kichwani kama sisi tunavyoshuka shimoni, ili wafike ukingoni mwa kreta kunakopambazuka. Baridi ya huko juu mara nyingi inapita digrii 10 chini ya sifuri.

Sasa hewa. Bukavu tuko kama mita 1,500 na mwili wetu umezoea hapo. Kileleni mwa Kilimanjaro kila pumzi inakupa karibu nusu tu ya hewa nzuri anayoipata mtu wa pwani. Nguvu za mikono hazisaidii. Hapa ndipo watu wetu wanajidanganya, maana mchimbaji anafikiri kifua kilichozoea nyundo kitazoea pia mlima. Hapana. Mwili unahitaji siku za kujizoeza, na kijana mwenye nguvu anaumia haraka kuliko mzee, kwa sababu anakimbia. Waganga wanashauri kwamba ukipita mita 3,000 usiongeze zaidi ya mita 500 kati ya kulala na kulala, na kila baada ya siku tatu au nne upumzike. Hesabu mwenyewe: kutoka Mandara kwenda Horombo ni mita 1,000, kutoka Horombo kwenda Kibo ni mita 1,000 nyingine. Kwa hiyo njia hiyo ni ya haraka hata kwa wanaoifanya polepole. Anayewauzia safari ya siku tano anawauzia bei ndogo na maumivu ya kichwa. Chukueni siku sita, mlale Horombo mara mbili. Siku saba au nane kwa njia ya Lemosho ni bora zaidi, kama kasha linatosha. Kama halitoshi, ngojeni kiangazi kingine.

Dalili lazima mzijue kabla ya kuondoka, kwa sababu huko juu akili yenyewe inalegea. Kichwa kuuma, kukosa hamu ya chakula, kichefuchefu, usingizi mbaya: huo ni mwanzo. Mtu abaki pale pale, asipande hata hatua moja mpaka apone, na asipopona ashuke. Lakini mtu anayehema hali ameketi, anayekohoa na kutoa povu, anayeyumba kama mlevi, anayejibu maneno yasiyo na maana, huyo yuko karibu na kifo. Anashushwa saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku, na hashuki peke yake. Msingoje asubuhi. Msimpe kitu cha kumlaza usingizi. Na kasiksi na Primus zibaki Bukavu.

Mfanyakazi mwenye ugonjwa wa vumbi kifuani, mwenye ugonjwa wa moyo, na hasa mwenye ugonjwa wa selimundu, ule wa damu ambao watoto wetu wengi wanazaliwa nao, asiondoke bila kuonana na muganga na kumwambia waziwazi urefu wa mlima. Muganga akisema hapana, msitafute mwingine atakayesema ndiyo.

Nilisema nitarudi kwenye mawe, na haya sisi tunayajua kuliko watalii. Tarehe 4 mwezi wa kwanza 2006, upande wa magharibi wa Kibo, mawe yalianguka juu ya kundi lililokuwa likipanda njia ya Western Breach. Wamarekani watatu walikufa. Mawe yale yalikuwa yameshikwa na barafu. Barafu inapolegea jiwe linabaki bila mshiko, sawa na dari inapooza mti unaoishikilia. Njia ilifungwa kwa muda, baadaye ikafunguliwa tena. Kila mtu anaweza kuichagua leo. Mimi ninasema: msiichague. Vijana wetu watajivunia kwamba wao ni watu wa mawe. Mtu wa mawe hasa ndiye anayejua kutopita chini ya jiwe ambalo hawezi kulipiga na kulisikiliza. Mawenzi pia, mita 5,149, una mawe yanayovunjika mkononi, ni wa wenye kamba na ufundi. Ukitaka kupanda kwa mikono kidogo, ukuta wa Barranco uko kwenye njia za Machame na Lemosho, unatosha kumfurahisha kijana, na haudai kamba. Hata hapo usisimame chini ya mtu anayepanda.

Nirudi kwenye saa ya kugeuka.

Nilikuwa kijana nilipopanda Kahuzi na wenzangu wanne wa kazi. Tulikuwa tumelipa pesa zetu, tumeomba ruhusa ya siku moja kwa shida, na mmoja alikuwa ameazima aparei ya picha. Tuliondoka tumechelewa. Tulipotoka katika mianzi, mlima ukaanza kuwa mkali na wenye utelezi, na mawingu yakashuka. Kiongozi wetu, mtu wa pale pale mlimani, mpole, alisema turudi. Tulimjibu kwamba tumelipa. Ndivyo tulivyosema, ninaona haya mpaka leo: tumelipa. Hakubishana. Mvua ikanyesha, ya baridi, nasi tulikuwa na mashati ya pamba. Tulifika juu, hatukuona chochote ila ukungu, na picha haikupigwa. Wakati wa kushuka mwenzetu mmoja alitetemeka sana, kisha akaacha kutetemeka. Tulifurahi, tukafikiri amepata joto. Kiongozi ndiye aliyejua kwamba mtu aliyelowa akiacha kutetemeka bila kupata joto, mwili umeshindwa. Mwenzetu alianza kusema anataka kukaa kidogo, anaongea na mama yake ambaye hakuwapo. Kiongozi alimvua shati, akamvika koti lake mwenyewe lililokavu, akambeba mgongoni katika utelezi ule, giza likaingia. Mwenzetu aliishi. Usiku ule mke wake alituuliza mlangoni kwake, «Kwani nani alikuwa mkubwa wenu?» Hakuna aliyejibu, kwa sababu hakukuwa na mkubwa. Kulikuwa na pesa tu.

Hiyo ndiyo hatari kubwa ninayoiona kwa vijana wa atelye. Baridi wataweza kununulia makoti. Hewa watapewa siku za kuizoea. Lakini kasha la mwaka mzima litawasukuma kutoka nyuma usiku ule wa mwisho. Kila mmoja atakumbuka Jumapili alizokosa nyama. Mmoja ataumwa kichwa na atanyamaza, asiharibu safari ya wengine. Watatu watamwona anayumba na watanyamaza pia, kwa sababu mmoja akirudi huenda wote watarudi.

Kwa hiyo saa iandikwe hapa Bukavu, mkiwa mmekaa mezani, mmeshiba, akili iko sawa. Mkiondoka Kibo saa sita ya usiku, jua linatoka karibu na saa kumi na mbili na nusu. Mimi ningeandika hivi: asiyefika Gilman's Point, ukingoni mwa kreta, saa mbili ya asubuhi, anageuka, hata kama anauona ukingo. Kutoka hapo kwenda Uhuru kuna saa moja na nusu au mbili kwa mtu aliyechoka, na siku hiyo hiyo inabidi ashuke mpaka Horombo kwa miguu inayotetemeka. Watu wanahesabu kupanda, wanasahau kwamba siku haijaisha. Na kama kiongozi anataka mgeuke kabla ya saa hiyo, saa yake inashinda karatasi yenu.

Jambo la pili liandikwe: mtu yeyote katika kundi akisema «narudi», hakuna kumuuliza mara mbili, hakuna kumcheka, wala kumcheka baadaye kwenye kantini. Hii si huruma ya kike kama wengine wanavyopenda kusema. Mkataba namba 176 wa Shirika la Kazi la Kimataifa, wa mwaka 1995, juu ya usalama wa migodi, unasema kwamba mfanyakazi ana haki ya kuondoka mahali anapoona, kwa sababu ya kweli, kuna hatari kubwa kwa usalama au afya yake. Watu walipigania neno hilo. Kama unalitaka chini ya ardhi, ulikubali pia juu ya mlima, na umpe mwenzako.

Jambo la tatu ni pesa, nalo ndilo litakaloleta maneno. Wekeni kando sehemu ya kasha ambayo haitaguswa, kwa ajili ya yule atakayegeuka: kama atashuka mapema, alale wapi, ale nini, na wa kumsindikiza alipwe nini. Mtu akijua kurudi kwake kumelipiwa, atarudi kwa wakati.

Sasa wale mtakaopanda nao. Kilimanjaro hakuna anayeruhusiwa kupanda bila kiongozi mwenye leseni, na mizigo inabebwa na wapagazi, ambao huko wanaitwa wagumu. Ndugu, wagumu ni wafanyakazi kama sisi. Mzigo wa kampuni usipite kilo 20. Kabla ya kulipa, ulizeni: watakula mara ngapi? Watalala katika hema gani? Wana viatu, wana koti la baridi? Mshahara wao wataupata lini? Mwenye safari za bei ndogo mara nyingi anaipunguza bei hiyo mgongoni mwa wagumu, na mtu anayebeba mzigo na shati moja katika jangwa lile anaweza kufa kwa baridi kama mtalii. Itakuwa aibu wafanyakazi wa mgodi waliopigania bote zao wapande mlima nyuma ya mtu mwenye kandambili.

Njiani pia kuna hatari, wala haihitaji maneno mengi. Kutoka Ruzizi mpaka Kigali, kisha Rusumo, Singida, Arusha na Moshi, ni siku mbili au tatu za basi. Msisafiri usiku kama mnaweza. Beba kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, kwa hiyo ulizeni mapema, kwa maandishi, mtalipa bei gani langoni, msije mkafika Marangu kasha likakosa theluthi. Na anayeanza safari kutoka Goma kwa mashua akumbuke ile iliyozama karibu na Kituku tarehe 3 mwezi wa kumi 2024, ikiwa imefika karibu kabisa na bandari. Jaketi la kuelea mwilini, limefungwa.

Viatu, kama nilivyoahidi. Bote za kazini hapana: zina chuma mbele, na chuma kinavuta baridi, tena ni nzito. Tafuteni viatu vinavyoshika kifundo, kipimo kikubwa kidogo ili soksi mbili ziingie, na msivipeleke vipya. Vaeni kuanzia sasa. Pandeni navyo kutoka Nguba kwenda juu kila Jumapili baada ya misa, mbebe bidoni ya maji ya litre tano mgongoni. Nguo ya pamba isiguse mwili usiku ule, ikilowa jasho inakuwa barafu. Sufu ni nzuri, na kwenye mitumba mtu mwenye jicho atapata sweta ya sufu kwa pesa kidogo. Kofia inayofunika masikio, glavu mbili mbili, miwani ya jua, mafuta ya midomo. Maji litre tatu au nne kwa siku, hata kama hamsikii kiu, na usiku wa mwisho chupa iwekwe ndani ya koti, kichwa chini, ili mdomo wake usigande.

Mama wa nyumba, kazi yako ni moja, lakini wewe ndiye unayeiweza. Usimruhusu aondoke kabla ya kukuachia karatasi. Iandikwe majina ya wote, jina la kampuni ya safari na namba yake ya simu, njia watakayopita, watalala wapi kila usiku, na siku na saa watakayokupigia wakiwa wameshafika chini langoni. Kama saa hiyo inapita na simu haiji, usikae ukiomba peke yako mpaka kesho. Piga kwa kampuni ya safari, kisha piga hapa kwetu.

Juma lililopita vijana walirudi kwangu na karatasi yao. Njia wamechagua Marangu, siku sita. Fungu la kurudi wameliweka kando, ingawa ni dogo kuliko nilivyotaka. Mmoja ameshaonana na muganga, watatu bado. Saa ya kugeuka waliiandika saa mbili ya asubuhi, kisha mtu akaifuta kwa kalamu ya risasi, akaandika saa tatu na nusu. Niliwauliza ni nani aliyebadilisha. Yule aliyecheka mara ya kwanza aliinua mkono. Tuliketi tena, na mpaka king'ora cha zamu kinalia tulikuwa bado tunabishana.